Kibarua wa Bujumbura na sheria ya faranga 160

KATIKA sanduku la bati aliloliacha marehemu baba yangu, nyumbani kwa dada yangu mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, imo bahasha ya kaki yenye karatasi chache za malipo. Zimekunjwa mara nne na wino umepauka, lakini tarakimu bado zinasomeka. Moja ni ya katikati ya mwaka 1988. Inaonyesha siku alizofanya kazi mwezi ule, 26, na ujira wa kila siku, faranga 160. Jumla yake ni faranga 4,160 kabla ya makato.

Baba alikuwa mbeba mizigo wa kampuni moja iliyokuwa karibu na bandari. Hakusoma sana, lakini karatasi ile aliitunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja. Mwaka ule serikali ilikuwa imepandisha kima cha chini cha mshahara, na tajiri wake akatii. Kwa mzee wetu hiyo ilikuwa habari kubwa: kwamba mtu wa Buyenzi asiyejua Kifaransa anaweza kuongezewa ujira bila kumpigia mtu magoti, kwa sababu tu kuna karatasi iliyotiwa saini na waziri.

Novemba 2024 nilikwenda Bujumbura kuwajulia hali ndugu zangu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha usiku, mpwa wangu, binti wa dada yangu huyo, alikuja kukaa nami mkekani akiwa na karatasi mbili mkononi. Ana miaka 25 na amesomea uhasibu. Tangu amalize chuo hajapata ajira yoyote isipokuwa miezi minne aliyoshikilia nafasi ya mama mmoja aliyekuwa likizo ya uzazi. Karatasi ya kwanza ilikuwa fomu ya wakala anayepeleka wasichana Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Ya pili ilikuwa hesabu aliyoipiga mwenyewe: nauli, sabuni, chakula cha mchana, na mshahara ambao mwenye duka mmoja wa katikati ya jiji alikuwa tayari kumlipa.

"Mjomba," aliniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu niambie, sheria ya nchi yetu inasema mtu alipwe angalau kiasi gani?"

Sikumjibu kwa mdomo. Niliinuka, nikafungua sanduku la babu yake, nikamwonyesha ile karatasi ya 1988. Akadhani namtania. Sikuwa namtania.

Msomaji ambaye hajawahi kuishi Burundi huenda naye akadhani huu ni utani. Kima cha chini cha mshahara nchini humo kiliwekwa kwa amri ya waziri mwaka 1988, wakati wa utawala wa Meja Pierre Buyoya, ambaye alikuwa ametwaa madaraka Septemba ya mwaka uliotangulia. Kibarua asiye na ujuzi wa Bujumbura na Gitega aliwekewa faranga 160 kwa siku. Yule wa maeneo mengine aliwekewa faranga 105.

Tangu hapo Burundi imebadilisha marais, imepigana vita ya wenyewe kwa wenyewe, imetia saini Makubaliano ya Arusha Agosti 2000, imeandika katiba mpya mwaka 2005 na kuibadilisha mwaka 2018, imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 na imehamishia mji mkuu wa kisiasa Gitega. Novemba 2020 ikapata hata sheria mpya ya kazi. Katika yote hayo, faranga 160 zikabaki pale pale alipoziacha waziri wa 1988.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tupige hesabu kidogo. Mwaka 1988 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa karibu faranga 140, hivyo ujira wa siku wa baba yangu ulizidi dola moja. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga, na dola kwa bei rasmi ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Kwa bei hiyo, faranga 160 hazifiki senti sita za Marekani. Mtu akifanya kazi siku 26 kwa kima hicho, mwezi mzima anapata chini ya dola moja na nusu.

Nilipokwenda sokoni kwa Siyoni kumnunulia dada yangu ndagala, noti ndogo kuliko zote niliyoiona ikipita mikononi mwa watu ilikuwa ya faranga 500. Maana yake ni kwamba ujira wa siku nzima uliotajwa na sheria hauna hata noti ya kulipiwa.

Ni haki nieleze jambo moja mapema. Hakuna tajiri ninayemfahamu anayemlipa mtu faranga 160. Katika miaka ya mwisho ya 2010, ujira uliozoeleka kwa kibarua ulikuwa kati ya faranga 2,000 vijijini na 3,000 mjini. Nilipozungumza na saidia fundi kwenye jengo moja la Kanyosha mwaka 2024, kiwango kilikuwa kimepanda tena, ila bei ya unga na maharage ilikuwa imekwisha kukimbia mbele yake. Basi mtu atauliza: ikiwa hakuna anayeilipa, sheria hiyo inamdhuru nani?

Jibu nililipata alfajiri moja, kwenye njia panda ambako vibarua hukusanyika kusubiri kazi. Walikuwa kama thelathini, wengine na sepetu, wengine na mikono mitupu. Ikaja gari ndogo ya mizigo. Dereva hakushuka. Alinyoosha vidole vitano dirishani, yaani anataka watu watano, akataja ujira. Mmoja wao, mtu mzima wa makamo, akataka kuongezewa kidogo. Kabla hajamaliza sentensi yake, vijana saba walikuwa wamepanda nyuma ya gari, na wawili kati yao wakasema watakwenda kwa pungufu ya kile kilichotajwa. Dereva akawashusha wawili, gari likaondoka. Yule mzee akarudi kukaa juu ya jiwe lake.

Hapo ndipo sheria ya 1988 inapodhuru. Kima cha chini kimewekwa ili kuwe na kiasi ambacho njaa ya mtu haiwezi kukishusha zaidi. Kikiwa faranga 160, njaa inaweza kushusha bei mpaka popote na dereva akawa bado yuko ndani ya sheria. Yule mzee angekwenda kwa mkaguzi wa kazi kulalamika, angeonyeshwa kwamba alichokataa kilikuwa kimezidi kima cha kisheria mara nyingi. Sheria iliyomsimamisha baba yangu wima mwaka 1988 sasa inamlinda anayelipa, wala si anayelipwa.

Nchi haikufika hapa kwa siku moja. Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na vita iliyofuata ilidumu zaidi ya miaka kumi. Julai 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na nchi jirani, Tanzania ikiwemo, zikaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyositishwa Januari 1999. Nani wakati huo angefikiria kuketi mezani kujadili kima cha chini cha mshahara? Watu walikuwa wanatafuta chumvi na mafuta ya taa.

Amani iliporudi, kazi hazikurudi kwa kasi ile ile. Kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China na kilichokuwa kimeajiri watu wengi wa jiji hili, kilifunga milango katikati ya miaka ya 2000, na baadaye kampuni nyingine, Afritextile, ikayafufua majengo yake. Wengi waliopoteza kazi viwandani walikimbilia biashara. Kisha, asubuhi ya Jumapili ya Januari 27, 2013, Soko Kuu la Bujumbura likateketea kwa moto. Wafanyabiashara walipoteza mtaji siku moja, na pamoja nao wapagazi, mama lishe, washona nguo na vijana waliokuwa wakiishi kwa kazi ndogo ndogo za pale.

Ikaja 2015. Aprili mwaka huo jiji lililipuka kwa maandamano baada ya chama tawala kumteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Mei likafuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na hatimaye watu zaidi ya 400,000 walikimbilia nje, wengi wao Tanzania. Machi 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Ulikuja kuondoa zuio hilo Februari 2022, wakati Rais Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa Juni 2020, alikuwa tayari ana zaidi ya mwaka mmoja na nusu madarakani.

Kwa nini habari za Brussels zimhusu kibarua wa njia panda? Kwa sababu ya dola. Burundi inauza nje kahawa, chai na madini kidogo, na inanunua nje mafuta, dawa, vipuri, mbolea na vitu vingi vya viwandani. Misaada ilikuwa inaziba pengo la fedha za kigeni. Ilipokatika, dola zikaadimika, na kitu kinachoadimika huwa na bei mbili: ya dirishani na ya uchochoroni. Mwaka 2020 BRB ilifunga maduka ya kubadilishia fedha, kisha 2022 ikayaruhusu tena. Julai 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 dola ya uchochoroni ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki.

Hapa nitamleta rafiki yangu wa utotoni ambaye ana gereji Buyenzi, mtaa ambao tangu zamani unasifika kwa mafundi wake. Nilimpelekea hoja yangu ya kima cha chini nikidhani ataipigia makofi. Alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Ndugu yangu, waandike hata elfu kumi kwa siku," alisema. "Mimi nitalipa kwa kitu gani?"

Akanipigia hesabu yake. Vipuri vinakuja kwa boti kutoka Kigoma au kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Muuzaji anataka dola. Benki haina dola za kumpa fundi wa Buyenzi, kwa hiyo anazinunua mtaani kwa bei ya mtaani, na kipuri anakiuza kwa bei hiyo. Mteja wake ni mwalimu au karani, ambaye mshahara wake haujui habari za dola ya mtaani. Mteja anaamua gari likae. Na hata gari likitengenezwa, litakwenda wapi? Siku zile nilizokuwa kule, foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zilizunguka mitaa kadhaa, na wenye magari walilala humo wakisubiri tetesi za tangi lililoingia kutoka Tanzania. Gari lisilotembea haliharibiki, na gari lisiloharibika halimlipi fundi. Alikuwa na vijana sita, akabaki na wawili.

Sikuwa na la kumjibu siku ile, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Sheria ya mshahara haileti dola wala petroli. Mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini Burundi ulizidi asilimia 25. Kima chochote kilichoandikwa Januari kingekuwa kimeliwa karibu moja ya tano yake ilipofika Desemba. Tena, zaidi ya Warundi wanane kati ya kumi wanaishi kwa kilimo, wengi kwenye mashamba yao madogo ambako hakuna tajiri wa kumdai mshahara.

Lakini nusu ya pili ya jambo hili ni kwamba serikali haijawa mtazamaji tu katika bei ya kazi. Imeingilia mara nyingi, ila kwa milango mingine. Chukua mfano wa Machi 2022. Serikali ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura kuanzia tarehe 21 mwezi huo, ikitaja ajali za barabarani. Ajali zilikuwepo, hilo sibishi. Lakini maelfu ya vijana waliokuwa wakila kwa pedali na kwa usukani waliamka siku moja wakakuta kazi yao ni kosa. Baadhi walisogea pembezoni mwa jiji, baadhi walirudi mashambani kwa wazee wao, na baadhi, bila shaka, walikuwa miongoni mwa wale thelathini niliowaona kwenye njia panda wakigombea nafasi tano.

Amri ile ilishusha ujira wa jiji zima kuliko amri yoyote ya waziri wa kazi. Kila kijana aliyeondolewa kwenye baiskeli alikwenda kuongeza idadi ya wanaosubiri gari la mizigo. Na wakati huo huo ilipandisha gharama ya kuishi: mama anayeuza nyanya, aliyekuwa akibeba tenga lake kwenye baiskeli, sasa alipaswa kungoja basi lisilotosha au kutembea. Mabasi yalipokosa mafuta, walimu, manesi na wanafunzi wote wakawa waenda kwa miguu. Amri iliyotolewa kwa ajili ya barabara ikawa, bila kukusudia, sera ya mishahara.

Tusidhani Burundi iko peke yake. Uganda iliweka kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, na Bunge lilipopitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais Yoweri Museveni alikataa kuutia saini. Rwanda nayo ilikaa miaka na miaka na kima cha faranga 100 kwa siku. Wenye nchi hizo wana hoja yao: kwamba mshahara uachiwe soko, na kwamba mwekezaji ataogopa.

Upande wa pili wapo Kenya na Tanzania. Kenya wafanyakazi wamezoea kwenda uwanjani Mei Mosi wakisubiri kusikia rais atatamka asilimia ngapi. Tanzania, Oktoba 2025, ilitangaza kima cha chini kipya kwa sekta binafsi, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 2026. Huko nako wapo wengi wasiolipwa kinachoandikwa. Mfanyakazi wa ndani wa Nairobi au wa Dar es Salaam atakwambia. Ila akidhulumiwa, ana tarakimu ya kuitaja mbele ya mkaguzi. Na hata tajiri asiyelipa hiyo tarakimu anajua kwamba amepungukiwa na kitu. Burundi, vyama vya wafanyakazi, likiwemo shirikisho la COSYBU, vimekuwa vikiidai tarakimu hiyo Mei Mosi moja baada ya nyingine.

Serikali ya Gitega ina majibu yake kuhusu ajira, na si vizuri kuyapuuza. Mwaka 2020 ilianzishwa BIJE, benki ya uwekezaji kwa vijana. Mwaka 2021 ukafuata mpango wa kuwawezesha vijana kiuchumi, PAEEJ, unaokopesha vikundi na ushirika. Juu ya yote kuna dira inayosema Burundi iwe nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Ujumbe unaorudiwa ni kwamba kijana asisubiri kuajiriwa, ajiajiri.

Ni ujumbe mzuri mpaka uutazame kwa jicho la fundi cherehani. Mkopo utamnunulia cherehani, lakini hautamletea mteja. Mteja wa fundi cherehani ni kibarua, mlinzi, mwalimu na mpishi wa hoteli, na hao wote wakilipwa fedha ya kula tu, nguo itasubiri sikukuu. Mshahara wa mmoja ndiyo biashara ya mwingine. Serikali inayokopesha vijana kufungua maduka huku ikiacha ujira ufe inafungua maduka yasiyo na wanunuzi.

Tena upo mpango mwingine, na huo ndio uliokuwa mkononi mwa mpwa wangu. Oktoba 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitia saini mkataba wa kupeleka wafanyakazi, wakiwemo wa kazi za nyumbani. Niliisoma fomu yake mstari kwa mstari. Ilitaja mshahara wa mwezi kwa riyali, siku ya mapumziko, tiketi ya kwenda na kurudi, na muda wa mkataba. Riyali imefungwa na dola: dola moja ni riyali 3.75, leo na mwaka kesho. Nikaelewa kwamba binti huyu hakimbii ukosefu wa kazi peke yake. Anaikimbia faranga.

Na nikaona jambo lililoniuma. Serikali ya nchi yangu ya kuzaliwa inaweza kukaa mezani na taifa tajiri kujadili masharti ya kazi ya binti wa Buyenzi akiwa Riyadh. Inajua, basi, kwamba kazi bila masharti ni hatari. Mbona binti huyo huyo akifagia nyumba ya mtu Rohero, masharti yake ni ya mwaka 1988?

Sisemi tarakimu mpya itamaliza umaskini. Nasema ianzie pale ambapo serikali yenyewe ndiyo tajiri au ndiyo mteja. Barabara, madarasa na zahanati zinajengwa na makandarasi wanaolipwa kwa fedha ya umma. Zabuni iseme wazi kibarua atalipwa kiasi gani kwa siku, na mkandarasi asiyelipa asipewe kazi nyingine. Hilo halihitaji dola wala IMF. Pili, kima kipangwe upya kila mwaka kwa kufuata bei ya chakula, hata kama ni kwa kiasi kidogo, ili kisije kulala tena miaka zaidi ya thelathini. Tatu, kabla amri haijatolewa ya kuondoa bajaji, wachuuzi au baiskeli mahali fulani, pawe na mtu wa wizara ya kazi anayeuliza swali moja: hawa wanakwenda wapi kesho asubuhi?

Rafiki yangu wa gereji nilirudi kwake kabla ya kuondoka, nikamweleza hayo. Alifikiri kidogo. Alisema kama mjenzi wa barabara akilipa vizuri, na yeye atapata kidogo, kwa kuwa vibarua watapanda mabasi na mabasi yataharibika. Kisha akaongeza kwamba mafuta yaje kwanza.

Mpwa wangu yeye hakuningoja nimalize kufikiri. Siku moja kabla ya safari yangu aliipiga picha karatasi ya babu yake kwa simu, akaenda nayo kwa yule mwenye duka. Alitaka kumwonyesha kwamba hata mwaka 1988 mbeba mizigo alilipwa zaidi ya dola moja kwa siku, na kwamba yeye, mwenye stashahada ya uhasibu, anaomba aongezewe kidogo tu. Mwenye duka aliitazama picha kwa makini. Akamrudishia simu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba anamshukuru kwa kumkumbusha, maana kwa mujibu wa sheria hii kumbe amekuwa akiwalipa watu wake kupita kiasi.

Alinisimulia hayo huku akicheka. Dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakucheka. Jioni ile fomu ya wakala ilikuwa bado juu ya kabati, imejazwa yote isipokuwa mahali pa saini. Aliniuliza tena, safari hii bila karatasi mkononi: "Mjomba, ungekuwa wewe?"

Nilimwambia ahakikishe wakala huyo amesajiliwa, aache nakala ya mkataba kwa mama yake, na pasipoti yake asikubali ishikwe na mtu. Hayo ndiyo niliyoyaweza. Sikuweza kumwambia abaki, kwa sababu anayepaswa kumwambia hivyo ni yule mwenye mamlaka ya kutia saini karatasi nyingine kama ile ya 1988.